Mkojo wa Kuazima

7 Aprili, Jumanne

Tumefika. Basi lilitushusha mbele ya ghala la Harrie, mwenye shamba, asubuhi kwenye umande, migongo imekakamaa. Karavani ni ileile ya mwaka jana, mlango haufungi vizuri, mimi na Tibi tena. Kabla sijashusha begi alikuwa ameshajitupa kwenye kitanda cha dirishani. "Wewe mzee una kibofu cha bata," alisema, "lala karibu na mlango usije ukanikanyaga." Matuta yamefunikwa plastiki mpaka macho yanapoishia. Upande mweusi uko juu ili udongo upate joto. Asparaga yenyewe, mboga tunayokuja kuikata, bado imelala chini.

8 Aprili

Kipimo cha wakala anayetuleta huku. Kila msimu ni hivi: Doru, msimamizi wetu, anasimama mlangoni mwa choo na boksi la vikombe, na kila mtu anatoa mkojo ili wakala ajue nani anavuta bangi. Anayevuta anarudishwa kwao. Tibi anavuta. Mimi sivuti, sinywi, na hata sigara niliacha siku alipozaliwa mjukuu wangu. Kwa hiyo kila Aprili Tibi anaingia chooni nyuma yangu, nami namjazia kikombe chake. Tunaita kuazimana. "Mkojo wako ni maji ya kisima, mzee," ananiambia. "Ungeuzwa madukani."

Tumepita wote.

9 Aprili

Baridi. Magoti.

12 Aprili, Jumapili

Pasaka yetu, ya Kiorthodoksi. Wenyeji walimaliza ya kwao Jumapili iliyopita, hivyo hapa hakuna anayejua kuwa leo ni sikukuu. Tulikata mpaka mchana. Baadaye Tibi alichemsha mayai kwa rangi nyekundu ya paketi aliyokuja nayo kutoka nyumbani, tukagonganisha. Yai langu lilipasuka la kwanza. Akala la kwake na asparaga mbichi aliyoificha kwenye buti. Huyu mtu anaitafuna kutwa nzima kama mbuzi, vichwa vyake vyeupe vile laini. Mimi sijawahi hata kuionja, misimu yote hii. Nikishaiinamia tangu alfajiri, sitaki kuiona tena kwenye sahani.

14 Aprili

Asubuhi mkojo ulitoka na rangi ya maji yale ya mayai. Hauumi. Nilisimama nikiuangalia. Jana tulikula supu ya bitiruti. Itakuwa bitiruti.

15 Aprili

Msafi. Ilikuwa bitiruti.

18 Aprili

Si bitiruti.

19 Aprili, Jumapili

Sikutulia leo. Nilizunguka shamba lote kwa miguu, nikarudi, nikazunguka tena. Tibi aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta mtandao wa simu, na simu ilikuwa imebaki mezani mbele yake.

Kijijini kwetu kuna mtu anaitwa Petre wa Mfuko. Zamani aliitwa Petre Fundi, alijenga nusu ya paa za kijiji. Alianza kukojoa damu, wakamtoa kibofu, wakamtundikia mfuko wa mkojo tumboni. Sasa hata watoto wanamwita hivyo. Hapandi tena juu ya paa. Anakaa kwenye benchi mbele ya duka na koti refu, hata Agosti.

Nikimwambia Doru, nitarudishwa kesho. Mwaka jana kuna mwanamke alivimba mkono, jioni kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Nikimwambia mke wangu Aurica kwenye simu, atalia, kisha atawaambia dada zake, na kabla sijafika nyumbani nitakuwa nimeshapewa jina. Bora nimalize msimu. Tarehe ishirini na nne Juni, Siku ya Mtakatifu Yohane, kisu kinawekwa chini. Hata Harrie hathubutu kukata baada ya hapo, mmea lazima uachwe uinuke. Na mimi nitainuka hapo, nitakwenda kwa daktari wa kwetu kimyakimya.

22 Aprili, Jumatano

Gari jeupe la hospitali lilikuja mchana likaegeshwa karibu na ghala. Walishuka kijana mmoja wa kubeba vitu na muuguzi anayeitwa Ilinca. Huyu binti ni wa kwetu, lakini aliletwa huku mdogo, na anaongea lugha yetu kama mtoto wa miaka sita aliyerefuka ghafla. Maneno magumu anayatafuta kwa vidole hewani.

Alitukusanya kwenye kreti tukakaa. Alisema hospitali ya chuo kikuu inatafuta jambo. Kuna kirusi karibu kila mtu anacho. Unakipata utotoni, pengine na mafua tu, halafu kinakwenda kulala kwenye figo maisha yako yote. Mwili ukichoka sana, kinaamka, kinatoka kwenye mkojo. Wanataka kujua kama kuamka huko kuna uhusiano wowote na kansa ya kibofu.

"Kwa nini sisi?" aliuliza mmoja. "Tunanuka kansa?"

"Kwa sababu mnachoka," alisema Ilinca. "Mnakunywa maji kidogo, mnabana mkojo tangu asubuhi kwa kuwa choo kiko mbali. Kama huyu kirusi anaamka kwa mtu yeyote, ataamka kwenu."

"Aamke yeye basi akate asparaga!" alipiga kelele Tibi, na watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Alieleza zaidi, kwa kuwa nilimuuliza. Mwili unapopigana na kirusi una kitu kama mkasi, unakatakata maandishi ya kirusi ili kisizaliane. Wanashuku kuwa mkasi huo wakati mwingine unakosea, unakata maandishi ya seli zetu wenyewe, na miaka mingi baadaye seli hiyo inakwenda wazimu. "Tunashuku, mzee. Hatujui. Sigara tunajua. Huyu tunamshuku tu." Akaniuliza ninakunywa nini, ninakula nini. Nilipomwambia sijawahi kula asparaga hata moja, aliacha kuandika akanitazama. "Hata moja? Na unakata tani zake?" Akacheka mpaka akaonyesha fizi.

Kila atakayekubali atajaza chupa kila Jumatano mpaka mwisho wa msimu. Kila mtu jina lake kwenye chupa.

Tibi akanivuta nyuma ya ghala. "Umeona ujanja wa wakala? Safari hii wamevaa koti jeupe."

"Ni hospitali, Tibi."

"Hospitali inakuja shambani kwa hiari yake? Lini? Ukikataa ndiyo wanajua una kitu. Niazime, mzee, kama kawaida."

Hapa nitasema ukweli ulivyo. Ningeweza kukataa. Badala yake nikafikiri: mkojo wangu ukienda kwa jina la Tibi, watautazama kwa darubini yao, wataona kilichomo, na mimi nitajua bila mtu yeyote kujua kuwa ni mimi. Nikamwambia, "Sawa. Lakini na wewe nipe wako."

"Wa kwangu wa nini? Utaonekana mvuta bangi uzeeni!"

"Chupa mbili zikifanana watatushuku."

Alinitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa heshima. "Umezeeka na akili, wewe." Tukabadilishana. Leo wa kwangu ulikuwa safi, hauna rangi. Ilinca alizipokea zote mbili, akashukuru, akaziweka kwenye boksi la barafu.

23 Aprili

Mvua kutwa.

29 Aprili, Jumatano

Tumebadilishana tena. Tibi sasa ana wasiwasi kidogo. "Mbona wako leo una rangi ya chai ya matunda?" Nikamwambia sinywi maji ya kutosha. Akaniletea chupa kubwa ya maji, akasimama mpaka nikaimaliza.

3 Mei

Joto limekuja ghafla. Asparaga zinapasua udongo huku unaziangalia. Tumegeuza plastiki, upande mweupe juu, kuzipunguza kasi, lakini wapi. Tunakata alfajiri, tunakata tena jioni. Unainua plastiki, unaona ufa kwenye tuta, unachimba kwa vidole, unapitisha kisu kirefu chini kabisa, unavuta, unaziba shimo, unasonga. Nikiinama naenda chooni. Nikiinuka naenda chooni. Doru alinipigia mluzi: "Gavril! Umeoa huko?"

7 Mei

Damu. Kidogo.

8, 9, 10 Mei

Hakuna. Nimeanza kuimba asubuhi. Tibi ananirushia soksi.

13 Mei, Jumatano

Ilinca alimwita Tibi pembeni. Niliwaona kutoka kwenye tuta, yeye anaongea na vidole vyake hewani, Tibi amevua kofia. Tibi havui kofia hata kanisani.

Alirudi akapita mbele yangu, nikamfuata mpaka ndani ya karavani. Akafunga mlango, ukafunguka, akaufunga tena akauegemea.

"Mzee. Una nini?"

"Kasemaje?"

"Kasema kirusi kimejaa. Kasema kuna seli zina sura mbaya. Inaweza kuwa zimevimbishwa na kirusi tu, inavyoonekana kirusi kinaweza kumdanganya daktari kwenye darubini, na inaweza kuwa ni kansa. Hawawezi kutofautisha mpaka watazame ndani. Ndani, mzee! Unajua wanapitia wapi?"

"Najua."

"Una muda gani na hili?"

Nikamwambia tangu wiki ya Pasaka.

Alikaa kitandani kwake. Nilifikiri atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Ulijua siku ile. Ulipotaka wa kwangu, ulijua."

"Nilijua."

"Halafu ukaniacha nikusifu akili."

Nikamwomba. Sijawahi kumwomba mtu mdogo kuliko mimi, na huyu ningeweza kumzaa. Nikamwambia mpaka tarehe ishirini na nne tu. Asiende huko kwenye kipimo, avute siku, aseme ana kazi. Akanikumbusha kuwa Ilinca ana namba yake na hatachoka kupiga. Na akimwambia ukweli, Doru atajua tulichofanya Aprili, na kwao Tibi kuna mke ambaye ameshaambiwa mara mbili kuwa safari hii baba watoto amenyooka, ameacha bangi.

"Nitaenda," alisema mwishowe. "Wataniuliza maswali mawili matatu, nitawajibu kipumbavu, watanifukuza. Mimi kwa upumbavu siwezi kushindwa."

16 Mei

Hatuongei sana. Anabeba kreti zangu bila kuniuliza. Afadhali angenitukana.

20 Mei, Jumatano

Hawakumwuliza maswali mawili matatu.

Alirudi jioni akitembea kama aliyeshuka farasi. Nilimsogezea kiti, akabaki amesimama.

"Usiniguse. Usinisogezee kitu. Leo nimelala juu ya meza, miguu hewani, binti wa miaka ishirini na tano amenishikilia hii, hii hapa, Gavril, kama anashika kipaza sauti! Wakapitisha mrija wenye kamera. Na kuna televisheni! Wanataka nitazame! 'Bwana Tibi, hiki ni kibofu chako.' Nikasema asante, kizuri, funga."

"Kikoje?"

"Kisafi! Kama yai lililomenywa! Daktari alinishika mkono kwa furaha." Akapunguza sauti. "Kasema basi, kwangu mimi ni kirusi tu, hakuna kansa. Kasema ni jambo muhimu kwao. Mkojo wenye sura mbaya vile na kibofu safi vile. Wataliandika."

Nilianza kucheka. Sijui kwa nini. Yeye alinitazama mpaka nilipoacha.

22 Mei

Siku mbili hizi nimeamini kibofu cha Tibi. Naandika hivi nikijiona mjinga, lakini ndivyo ilivyokuwa. Daktari aliuona mkojo wangu, akasema ni kirusi tu. Basi ni kirusi tu. Nilikula vizuri, nilimpigia Aurica, nilimwambia mwaka huu nitapaka rangi uzio. Leo nikiwa nimeinama kwenye tuta kichwa kikaniambia: alitazama kibofu cha nani?

24 Mei, Jumapili

Mabonge. Kama maini madogo.

27 Mei, Jumatano

Ilinca hakuja, alikuja yule kijana peke yake. Tibi alitaka kila mtu ajaze yake. Nikamwambia zikibadilika ghafla watashtuka, wataanza kuchimba. "Wachimbe!" alisema. "Mimi nimeshachimbwa." Lakini alinipa. Ninaona ananichukia na ananihurumia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vinamchosha.

30 Mei

Tulikuwa tunafunika matuta, Tibi akasema bila kunitazama: "Nimekuwa nafikiri. Kuna mtu mwingine mahali, ana mkojo kama wako. Daktari wake atasoma walichoandika kuhusu mimi. Atamwambia, nenda nyumbani mzee, ni kirusi tu, tulimwona Tibi, alikuwa safi kama yai."

Upepo ulichukua plastiki, tukaikimbilia.

3 Juni, Jumatano

Nitajaribu kuandika yote.

Joto kali tangu asubuhi. Tulijaza chupa nyuma ya ghala. Mikono ya Tibi ilikuwa na udongo na matope, chupa ile yenye jina langu hakuifunga vizuri. Ilinca alipoipokea kifuniko kiliteleza, mkojo ukamwagika kwenye glavu yake na kwenye meza ya gari. Alisema hamna shida. Akachukua karatasi ya kufutia. Kisha akasimama, karatasi mkononi, akainua pua kama mbwa wa kuwinda.

Mtu yeyote wa eneo hili anaijua harufu ile. Ukila asparaga asubuhi, adhuhuri mkojo wako unanuka na choo kizima kinakusengenya. Vyoo vyetu vya shambani vinanuka hivyo tangu Aprili mpaka Juni.

"Mzee Gavril," alisema, "umeanza kula asparaga?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, na kisu kingebaki mkononi mpaka tarehe ishirini na nne. Tibi alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo wake umesimama katikati ya kutafuna, na kipande cheupe kinachungulia pembeni. Ilinca aligeuka, akamwona. Akaitazama chupa ya Tibi, akaifungua, akainusa. Akaifunga taratibu.

"Si kila mtu aliyekula hutoa harufu," alisema. "Lakini asiyekula hawezi kuitoa." Alisema hivyo kwa lugha yake ya kitoto, na sijawahi kuogopa maneno ya mtu mzima namna ile. "Nani ananidanganya hapa?"

"Mimi," alisema Tibi haraka. "Mimi ndiye niliyeazima. Navuta bangi, dada, niandike, nipeleke kwa wakala."

"Wakala gani? Mimi na wakala wapi na wapi? Nimekuambia tangu Aprili, sisi ni hospitali!" Uso ulikuwa umemwiva. "Unajua tumefanya nini? Tumekuingizia mrija mtu mzima bure! Tumeandika kibofu safi mbele ya mkojo mchafu! Nani mwenye huo mkojo? Wiki mbili hizi zote nilikuwa nafurahi, nilimwambia profesa, nilikuwa nafurahi kwa ajili yako, Tibi!"

Tibi hakunitazama. Hilo ndilo lililonitoa mafichoni. Angenitazama, angeninyooshea kidole, pengine ningekana. Lakini alisimama pale amekodolea macho buti zake, tayari kubeba na hili pia.

"Ni wangu," nilisema. "Wote wenye jina lake ni wangu. Kuna damu tangu Aprili. Sasa kuna mabonge."

Hasira yake ilimtoka mara moja, nikaona ni binti mdogo tu. Alivua glavu. "Unapata maumivu?"

"Hapana."

"Baba," aliniita, hajawahi kuniita hivyo, "usipoumwa si kwamba ni nafuu."

Nilimwuliza kama watakitoa kibofu. Akasema hajui, na hatasema asilolijua, lakini kila wiki ninayoficha inakisogeza karibu na kutolewa. Nikamwambia habari za tarehe ishirini na nne. Akaniuliza, "Na ukimaliza msimu, ukifika nyumbani utapata wapi kibofu kingine? Utaazima?"

4 Juni

Nimetupa kisu mara tatu leo kabla ya chai. Nusu ya mashina nimeyavunja.

5 Juni

Nimemwambia Doru. Nilikuwa nimeshafunga begi. Alikuwa anakula mkate juu ya trekta, hakushuka.

"Kwa hiyo mlikuwa mnabadilishana," alisema.

"Ndiyo."

"Gavril. Kila Aprili wanaume wawili wanaingia chooni pamoja, wanatoka na vikombe viwili vyenye joto moja. Unadhani mimi nilifikiri mnafanya nini humo, mnachumbiana?"

"Ulijua?"

"Tibi anakata kuliko watu wawili. Nikimrudisha nitakata mimi?" Akameza mkate. "Hospitali siku gani? Jumatano? Nitakupeleka na gari la Harrie. Begi lirudishe. Kitanda ni chako mpaka mwisho."

Huyu mtu nimemwita mbwa moyoni misimu yote hii. Na yule mwanamke wa mkono? Nilimuuliza. Akasema mwanamke yule aliomba mwenyewe kurudi, mama yake alikuwa anafariki. Mimi ndiye niliyemalizia hadithi.

10 Juni, Jumatano

Televisheni ipo kweli.

Sikutaka kutazama, kisha nikatazama. Ukuta wa waridi, mishipa midogo kama mito kwenye ramani, na pembeni kitu kinayumba kwenye maji, chekundu, kama koliflawa ndogo. Niliwaza kuwa ni kizuri. Ilinca alikuwa amesimama upande wa kichwa changu akitafsiri, na alipolikosa neno hakutumia vidole, alinishika bega.

Watakitoa kwa kupitia njia ileile, bila kunipasua. Kisha wataona kama kimezamisha mizizi ukutani. Kama kimezama, kibofu chote kitatoka.

Doru alinisubiri garini muda wote. Kurudi alifungulia redio, akaizima, akaifungulia.

11 Juni

Nimemwambia Aurica. Alilia. Kisha akauliza kama hospitali wananipa supu.

13 Juni

Siwezi kukaa, siwezi kulala. Nimepaka mafuta bawaba za mlango wa karavani. Sasa unafunga, na Tibi anasema hewa hakuna.

17 Juni, Jumatano

Asubuhi hii. Naandika kwenye kitanda cha hospitali kabla hawajaja. Tibi alinipa kofia yake nije nayo. Inanuka udongo.

19 Juni, Ijumaa

Hakikuzama.

Daktari alisema, Ilinca akatafsiri, nikamwomba arudie, akarudia. Mizizi haikufika kwenye msuli. Kibofu kinabaki. Kitakuwa kinatazamwa tena na tena, maisha yote pengine, maana vitu hivi vinapenda kurudi. Mimi nilisikia kinabaki.

Daktari alipotoka nilimwuliza Ilinca kama ni kirusi kilichofanya hivi. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema kirusi kimo kwenye mkojo wangu, tele. Kwenye uvimbe wenyewe wametafuta hawajakiona. Lakini kuna alama kwenye maandishi ya seli, kama mikato, zinazofanana na kazi ya ule mkasi.

"Kwa hiyo ni chenyewe?"

"Au miaka yako ya sigara. Au vyote. Au kilikuwa kimelala tu pale jirani na hakina hatia. Mwizi akishatoka, mlango uliovunjwa haukuambii jina lake." Akapiga miayo, akajifunika mdomo, akaomba radhi. "Hatujui, baba. Jina la Tibi wamelitoa pale lilipokuwa, na profesa hakufurahi. Sasa tunaanza upya na wewe, ukikubali."

24 Juni, Jumatano

Siku ya Mtakatifu Yohane. Sikukata. Nilikaa juu ya kreti iliyopinduliwa mwisho wa mstari kama bwana shamba, na wote waliopita walinikejeli. "Harrie mpya huyo!" "Bosi, tuongezee choo!"

Mstari wa mwisho aliuchukua Tibi. Alipofika mwisho alichimba kwa vidole, akakata, akaziba shimo, akaufuta udongo kwenye suruali akanipa. Nyeupe, baridi, nene kama kidole gumba.

"Kula."

"Sili."

"Mimi nimekulia mrija, wewe utakula hii."

Nilikula. Ni tamu. Mwanzoni tamu kama mahindi machanga, nyuma yake uchungu kidogo. Misimu yote hii. Nilimwomba nyingine akanichagulia, na mchana Harrie alipotuandalia chakula cha kufunga msimu, asparaga za kuchemsha na siagi na mayai na nyama ya paja, nilirudia sahani.

Jioni gari jeupe lilikuja kwa mara ya mwisho. Tulipanga foleni. Tibi akaninong'oneza sikioni, "Mzee, una akiba?" Nikampiga kofi la kisogo. Aliingia peke yake, akatoka peke yake, ameinua chupa yake juu kama kombe. Ilinca anajua watakachokiona mle na amesema hakimhusu.

Nikaingia mimi. Bado unachoma kidogo. Nilisimama nikiungoja, na ulipokuja harufu ilinipanda puani, ileile ya vyoo vyote vya shamba hili. Niliiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ya chai hafifu, hakuna zaidi. Nikaifunga kwa nguvu, nikaandika jina langu, nikamkabidhi ingali na joto.

Ilinca aliiweka karibu na pua, akafumba macho.

"Wa nani huu?" aliuliza.

Nikamwambia.